Sampuli ya Saba

Jumamosi walizika, Jumapili wakaharisha,
watu arobaini na mmoja wa Kombewa,
wengine juu ya bodaboda, mmoja kwenye mkokoteni wa matofali.
Kabla jua halijachoma, neno lilikuwa limeiva:
ni Nyagilo, mkaanga samaki.
Ametia kitu. Ana kisa na marehemu
tangu ile kesi ya mpaka.

Mimi nililetewa sanduku la barafu.
Mifuko tisa, ina namba, haina majina:
samaki, wali, kuku, kachumbari,
maji ya pipa, pamba iliyofuta kisu,
pamba iliyofuta ubao, na vinginevyo.
Macho hayaoni kitu hapo. Pua nayo ni shahidi wa kununuliwa:
samaki alinuka, kachumbari ilinukia ndimu.

Gramu ishirini na tano, mchuzi mara tisa yake.
Mdudu aliyechoka hafichuliwi kwa kofi.
Anapewa kula kwanza, anapewa joto,
nyuzi thelathini na saba, usiku kucha,
hata ajisahau, azae.
(Nje, Kisumu nzima ni kiangulio.)
Siku ya pili namhamisha kwenye mchuzi mchungu
unaowaua jirani zake ukambakiza yeye.
Siku ya tatu, sahani nyekundu:
nachora kwa kitanzi cha waya, nakichoma,
nachora tena, nakichoma tena,
kama mtu anayefagia uwanja akirudi kinyumenyume.

Shemeji alipiga simu.
"Bado?"
Bado.
"Wamemng'olea mabati ya kibanda.
Wewe sema tu ni yeye, watu watulie."
Nikamwambia, sahani haijasema.
Akacheka: "Sahani!"
Kijiji huhukumu kabla chai haijapoa.
Mimi nina mdudu asiyejua haraka.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nikafungua.
Sahani ya samaki: tupu,
tupu kama kichwa kilichonyolewa matanga.
Wali, hakuna. Pipa, hakuna.
Kachumbari: madoa, ukingo wa waridi, kiini cheusi,
macho mengi madogo yakinitazama.
Na sampuli ya saba, macho yaleyale.

Tone la seramu juu ya kioo. Nikatikisa.
Ule ukungu ukakatika, ukawa punje punje,
kama maziwa yaliyokutana na ndimu.
Ndiye.
Si sumu, si kisasi, si mkono wa mtu usiku.
Mdudu wa utumbo wa kuku, basi,
aliyepewa njia.

Ndipo nikasoma maelezo ya afisa wa afya:
*Ubao wa mninga. Una alama ya pasi pembeni.*

Pasi ile niliiangusha mimi,
mwaka ule stima zilipopotea nikiwa nanyoosha koti la zamu.
Akeyo wangu aliuazimisha Ijumaa, kwa moyo mweupe.
Kuku kumi na wawili wakakatiwa juu yake,
ukapanguswa kwa kitambaa, ukageuzwa,
halafu nyanya, halafu vitunguu, halafu dania.
Mimi nilikuwa kazini, nimevaa glavu.

Fomu ina mstari mmoja tu wa chanzo.
Nikaandika: ubao wa kukatia.
Wa nani, fomu haiulizi.
Nikapiga mhuri, nikanawa mikono,
nikanawa tena.

Jioni nikashukia Kombewa.
Nyagilo alikuwa juu ya stuli anarudisha mabati,
misumari midomoni, minne au mitano,
hakuweza kuitikia salamu.
Nikamshikia bati lisitikisike.
Nikasema, ule ubao ulikuwa wetu.

Alichomoa msumari mmoja mdomoni,
akautazama ncha,
akagonga.